Picha ya Kamera na Jalada la Ajali Jijini Kigali

Ushahidi wa kamera katika ajali ya barabarani ni picha mnato au video yoyote iliyonasa mgongano, au sekunde chache kabla na baada yake, kisha ikatunzwa kwa namna ambayo polisi, kampuni ya bima na hakimu wanaweza kuiamini. Sehemu ya pili ya maelezo hayo ndiyo inayowashinda wengi. Kigali ina kamera tele. Kilicho adimu ni picha iliyoingia kwenye jalada kabla haijafutika, ikiwa na saa inayoeleweka na mtu wa kusimama aseme ameitoa wapi.

Kamera na wenyewe

Kamera inayojulikana zaidi na madereva wa Rwanda ni ya mwendokasi, ambayo mitaani wanaiita Sofia, jina la roboti Sophia aliyeonyeshwa Kigali Mei 2019 kwenye mkutano wa Transform Africa. Gari likipita kwa kasi kuliko kibao kinavyoruhusu, mfumo unasoma namba na mwenye gari anapata ujumbe wa simu wa kumjulisha faini, ambayo kwa kosa la mwendokasi imekuwa faranga 25,000. Mwishoni mwa 2021 madereva walilalamika sana kwamba viwango vya mwendo vimewekwa chini mno, na Rais Paul Kagame akakubaliana nao hadharani kwenye Twitter kwamba ipo haja ya kutafuta uwiano kati ya mwendo na usalama. Vibao vya sehemu kadhaa vikabadilishwa. Kwa mtu wa ajali jambo hilo lina uzito wake: anayetaka kutumia picha ya Sofia kuonyesha kwamba mwenzake alikuwa anakimbia, lazima kwanza aonyeshe kibao cha mahali pale kilisemaje siku ile, si leo.

Tatizo la Sofia ni kwamba kazi yake ni kunasa kosa, na inalinasa pale tu ilipoelekezwa. Gari lililopita mbele yake kwa kilomita 78 kwa saa likaenda kugonga mtu mita 200 mbele, Sofia inaweza kueleza habari ya mwendo. Haiwezi kueleza nani alihama njia yake, wala mtembea kwa miguu alikuwa ameshaweka mguu kwenye kivuko au la. Wanaotoka eneo la ajali wakiwa wametulia kwa sababu "pale pana kamera" huwa wanaifikiria hii, na mara nyingi wanakuja kuvunjika moyo.

Zipo pia kamera za ulinzi za makutano na barabara kuu, zinazotazamwa na Polisi ya Taifa ya Rwanda, RNP. Hizi hurekodi mfululizo na huona eneo pana zaidi. Kundi la tatu ni kamera za watu binafsi: vituo vya mafuta, benki, hoteli, maduka ya dawa, mageti ya nyumba. Kigali imejengwa juu ya vilima, na kamera ya geti lililo juu ya mteremko aghalabu huona kipande kirefu cha barabara ambacho mwenyewe hakukusudia kukilinda. Kundi la nne ni kamera za ndani ya magari, zilizobandikwa kwenye kioo cha mbele. Kwa maoni yangu, ajali ikitokea nje ya makutano makubwa, kundi la tatu ndilo la kukimbilia kwanza, ilhali ndilo watu wanalolikumbuka mwisho.

Diski inayojifuta

Kinasa video cha kawaida cha dukani hakihifadhi kila kitu milele. Diski ikijaa, kinaandika siku mpya juu ya siku ya zamani kabisa. Hesabu yake si ngumu. Tuseme duka lina kamera nne, kila moja ikitumia megabiti 2 kwa sekunde. Kwa pamoja ni megabiti 8, sawa na megabaiti 1 kwa sekunde, yaani takriban gigabaiti 86 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 itajaa ndani ya siku kumi na moja au kumi na mbili. Weka kamera nane, zimebaki sita. Kamera inayorekodi pale tu kitu kinapotikisika mbele yake hudumu zaidi, lakini iliyoelekezwa barabarani penye magari kutwa haipumziki, kwa hiyo nafuu hiyo haipo.

Sasa linganisha siku hizo na mwendo wa majeruhi. Aliyevunjika mguu yuko hospitalini wiki nzima. Ndugu zake wanahangaika na gharama na damu. Wiki ya pili ndipo mtu anauliza habari za kesi, na wiki ya tatu barua ya kwanza inaandikwa. Video ilikwishafutika zamani, bila hila ya mtu yeyote.

Kwa hiyo ombi la kwanza halipaswi kuwa la kupewa nakala. Liwe la kuhifadhi: usifute, toa kipande hiki, kiweke pembeni. Mwenye kamera anayesitasita kukukabidhi picha huwa hana shida kukiweka kipande pembeni akisubiri polisi. Mambo haya mawili yakitenganishwa, mazungumzo ya getini yanakuwa mepesi.

Saa ipi?

Baada ya diski inakuja saa. Vinasa vingi vya binafsi havijaunganishwa na saa ya mtandao. Umeme ukikatika vinarudi nyuma, au mtu aliyevifunga aliacha saa ya kiwandani. Ukikuta video inasema 18:41 na taarifa ya polisi inasema ajali ilitokea 18:53, wakili wa upande wa pili atasema ni magari mengine. Dawa yake ni rahisi, na ifanyike palepale: washa simu iliyounganishwa na mtandao, iweke kando ya skrini ya kinasa, piga picha moja inayoonyesha saa zote mbili. Tofauti ya dakika kumi na mbili inakuwa imeelezwa kabla hajaiuliza mtu.

Kwa wasomaji wa Tanzania, Kenya na Uganda kuna mtego wa pili. Rwanda inafuata saa ya Afrika ya Kati, ambayo iko saa moja nyuma ya Afrika Mashariki. Chukua mfano wa lori lililobeba mzigo kutoka bandari ya Dar es Salaam. Limeingia kwa mpaka wa Rusumo, limepita Kayonza na Rwamagana, na jioni linagongana na pikipiki karibu na Kabuga, nje kidogo ya ghala kubwa za Masaka. Kifaa cha kufuatilia lori kimepangwa na ofisi ya Dar na kinaandika 20:05. Kamera ya kituo cha mafuta inaandika 19:05. Dereva, ambaye bado anasoma saa yake ya mkononi ya nyumbani, anamwambia askari kuwa ilikuwa saa mbili usiku na dakika tano, na askari anaandika alivyosikia. Vyanzo vyote vitatu vinasema kweli, na jalada linaonekana kama lina ajali mbili. Andika saa za Kigali, na kando yake utaje kila kifaa kilitumia saa ipi.

Lori hilohilo lina jambo jingine la kukumbukwa mtu anapotazama video. Rwanda inaendesha kulia, majirani zake wa mashariki wanaendesha kushoto. Dereva wa Dar ana usukani upande wa kulia wa gari lakini yuko kwenye barabara ya kulia, kwa hiyo anakaa ukingoni mwa barabara, na upande wake wa kushoto, unaopakana na magari yanayokuja, ndio asioona vizuri. Video ya mbele pekee inaweza kumwonyesha kama mzembe aliyejitokeza ghafla kupita gari jingine. Inayopigwa kutoka nyuma au juu huonyesha zaidi kilichokuwa kinaonekana na kisichoonekana.

Kupitia polisi

Ajali ikitokea, namba ya polisi ya ajali za barabarani ni 113, ya dharura ni 112, na ya gari la wagonjwa ni 912. Askari wa Idara ya Usalama Barabarani ndiye anayepima eneo, anachora mchoro wa ajali ambao huko wanauita kwa Kifaransa croquis, anachukua maelezo na kufungua jalada. Palipo na majeruhi au kifo, jalada hilo huelekea kwa mwendesha mashtaka, maana sheria ya makosa na adhabu ya 2018 inatambua kuua na kujeruhi bila kukusudia.

Hapa ndipo raia anapokosea njia. Anadhani atakwenda kaunta, aseme namba ya gari na tarehe, apewe video kwenye flashi. Polisi hawana kazi ya kugawa video. Wana kazi ya kukusanya vielelezo, na njia ya kuifikia picha iliyo mikononi mwao ni kuifanya iwe kielelezo cha jalada lako. Mwambie askari mapema, palepale barabarani ikiwezekana, kwamba unaomba kamera zilizo jirani zitajwe kwenye maelezo yako. Maelezo yanasainiwa, ombi lililoandikwa ndani yake halipotei kama ombi la mdomo.

Baadaye ifuate barua. Iwe fupi. Itaje namba ya jalada, tarehe, saa kwa dakika ya kuanzia na ya kuishia, namba za magari, na mahali hasa. Mitaa ya Kigali ina vibao vya herufi na namba: KN kwa wilaya ya Nyarugenge, KG kwa Gasabo, KK kwa Kicukiro. Namba ya kibao hicho ina faida kuliko kuandika "karibu na Giporoso", kwa sababu karibu na Giporoso pana kamera nyingi na barabara kadhaa. Omba nusu saa, usiombe siku nzima. Anayeomba siku nzima anampa ofisa kazi ya siku nzima, na barua yake inakaa chini ya nyingine. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini ofisi zinafanya kazi kwa Kinyarwanda, basi mtafute mtu wa kukuandikia kwa Kinyarwanda. Wakazi wa Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Waswahili wa Kigali, wana wepesi wa lugha zote mbili. Asiye na uwezo wa wakili aulizie ofisi ya msaada wa sheria ya MAJ, ambayo ipo katika kila wilaya.

Ziko sheria mbili ambazo mwombaji anaweza kuzitaja. Sheria namba 04/2013 ya 8 Februari 2013 inampa kila mtu haki ya kupata taarifa zilizo kwenye taasisi za umma, na Ofisi ya Umuvunyi, yaani ombudsman, ndiyo inayosimamia utekelezaji wake. Ni sheria nzuri, lakini haina nguvu watu wanayoidhania katika jambo hili: inaruhusu taarifa izuiliwe ikiwa kuitoa kutaingilia faragha ya mtu, kutakwamisha utekelezaji wa sheria au kuvuruga shauri lililo mahakamani. Jalada la ajali lililo wazi linaweza kugusa yote matatu.

Ya pili ni sheria namba 058/2021 ya 13 Oktoba 2021 ya kulinda taarifa binafsi na faragha, ambayo taasisi zilipewa miaka miwili kujirekebisha nayo, hadi Oktoba 2023. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, NCSA. Sheria hii inamtambua mtu aliyeonekana kwenye kamera kuwa ana haki juu ya taarifa zake, kwa hiyo majeruhi anaweza kuomba kile kinachomhusu. Wakati huohuo inawalinda wengine wote waliopita kwenye picha, nyuso zao na namba zao za magari. Ndiyo maana ofisa anayekataa kukupa video ghafi mara nyingine anafuata sheria na si kiburi. Atakayekubali kuikabidhi kwa mpelelezi au kwa amri ya mahakama amekupa unachohitaji.

Kwenye geti la jirani

Kwa kamera za binafsi, mwendo ni tofauti kabisa, na unategemea adabu kuliko vifungu. Anayefungua geti ni mlinzi. Hana mamlaka ya kukuonyesha kitu, lakini ndiye anayejua kama kamera inafanya kazi au ni ganda tupu la kutishia wezi, na ndiye mwenye namba ya bosi. Msalimie, mweleze kwa utulivu kwamba kuna mtu ameumia, usitaje mahakama katika sentensi ya kwanza. Neno mahakama hufunga mageti. Watu wengi wanaogopa kuitwa kutoa ushahidi na kupoteza siku ya kazi kwa ajili ya ajali isiyowahusu, na hofu hiyo ni ya haki.

Mwenyewe akikubali, yatazame mambo kwa mpangilio huu. Video itolewe kutoka kwenye kinasa chenyewe, isirekodiwe kwa simu iliyoelekezwa kwenye skrini. Rekodi ya simu juu ya skrini ni kumbukumbu, ifanye kama akiba, lakini inapoteza ubora, inaongeza mng'ao, na huwezi kujua fremu zipi zimerukwa. Vinasa vingi hutoa faili katika umbo lake maalumu linalohitaji programu ya kampuni iliyokitengeneza. Chukua faili hilo pamoja na programu yake, na nakala nyingine ya MP4 kwa urahisi wa kutazama. Anza dakika kumi kabla ya mgongano. Dakika hizo zinaonekana kama hazina kitu, lakini ndizo zinazoonyesha taa zilikuwa zinabadilika kwa zamu gani, mvua ilikuwa inanyesha au la, na gari lililoegeshwa vibaya lilifika saa ngapi.

Usiipitishe WhatsApp kama video ya kawaida. Programu hiyo huibana picha na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kama tarehe ya kuundwa. Ikibidi kuituma, itumwe kama hati. La sivyo tumia flashi mpya.

Kisha mwenye kamera aandike karatasi moja, hata kwa mkono: jina lake, mahali kamera ilipo, tarehe na saa aliyotoa nakala, tofauti ya saa ya kinasa, aliyemkabidhi. Wote wawili wasaini. Karatasi hii ndiyo mwanzo wa mlolongo wa utunzaji wa kielelezo, na hugharimu dakika tano. Mwenye ujuzi kidogo wa kompyuta aongeze alama ya hashi ya faili, tarakimu na herufi zinazotolewa na programu kwa kulisoma faili zima. Faili likibadilishwa hata kwa biti moja, alama inabadilika yote. SHA-256 ndiyo inayotumika sana. Iandike kwenye karatasi ileile.

Mwenyewe akikataa, mwombe ahifadhi, piga picha ya kamera ilivyoelekezwa ukiwa nje barabarani, na umpe mpelelezi anwani. Basi. Hakuna faida ya kugombana naye. Na usimwombe fundi wake "akutolee kimyakimya" kwa soda: video iliyopatikana hivyo ina maswali mengi kuliko majibu, na fundi atakapoulizwa mahakamani hatakuwa rafiki yako.

Kuna kishawishi kimoja kinachowapata wenye haki kuliko wengine wote, nacho ni kuipandisha video mtandaoni ili umma uhukumu. Video ya mtu aliyejeruhiwa, yenye namba za magari na nyuso za wapita njia, ni taarifa za watu. Aliyeichapisha anaweza kujikuta yeye ndiye anayejibu malalamiko chini ya sheria ya 2021, na upande wa pili unapata nafasi ya kuandaa maelezo yanayoendana na picha kabla hata haujaulizwa.

Mbele ya hakimu

Rwanda ilirithi sheria za mfumo wa Ubelgiji, kisha baada ya 1994 ikaanza kuchanganya na mambo ya mfumo wa Kiingereza. Urithi huo unaonekana kwenye ushahidi. Sheria ya ushahidi ya 2004 iliweka kanuni kwamba katika kesi ya jinai jambo lolote linaweza kuthibitisha, mradi pande zote zimepewa nafasi ya kulijadili, na hakimu ndiye anayeupima uzito wake. Mwaka 2024 Rwanda ilipata sheria mpya ya ushahidi, na kabla ya hapo sheria ya TEHAMA ya 2016 ilikwishazipa kumbukumbu za kielektroniki nafasi yake mahakamani.

Ukivuka mpaka, mlango ni mwembamba zaidi. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti cha anayesimamia kifaa kilichotoa kumbukumbu, na kesi zimeanguka kwa kukosa cheti hicho. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka hakimu aangalie jinsi kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa, ukamilifu wake, na namna mwenye kumbukumbu alivyotambuliwa. Wakili wa Dar au Nairobi anayemsaidia mteja Kigali asiseme kwamba huku kwa kuwa cheti si sharti basi karatasi hazina maana. Video isiyo na karatasi Kigali inaingia chumbani, kisha inakaa kwenye kona. Hakimu aliye huru kuupima ushahidi yuko huru pia kuuona mwepesi.

Kukitokea ubishi kwamba video imekatwa au kuchezewa, pande zinaweza kuomba uchunguzi wa kitaalamu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kisayansi ya Rwanda, RFI, iliyokuwa ikiitwa RFL, ina huduma ya uchunguzi wa vifaa na faili za kidijitali, na haiwahudumii wapelelezi peke yao. Mtu binafsi pia hupokelewa kwa malipo. Ili uchunguzi uwe na maana lazima kuwe na faili la asili. Ndiyo sababu ya kumbembeleza mwenye geti asikifute kinasa hata baada ya kukupa nakala.

Mwendo unasomwaje kwenye video

Swali linaloulizwa karibu katika kila kesi ni gari lilikuwa na mwendo gani. Video isiyo ya rada inaweza kujibu, kwa hesabu ya shule ya msingi. Unahitaji alama mbili zilizosimama zinazoonekana kwenye picha, kwa mfano nguzo ya taa na ukingo wa kivuko, na umbali wa kweli kati yake uliopimwa kwa futi kamba barabarani. Tuseme ni mita 15. Kamera inanasa fremu 25 kwa sekunde. Ukihesabu, tairi la mbele limetoka alama ya kwanza hadi ya pili kwa fremu 18, sawa na sekunde 0.72. Mita 15 kugawanya kwa 0.72 ni mita 20.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita 75 kwa saa.

Lakini hakuna anayeweza kuapa kwamba tairi liligusa alama katika fremu hiyo hasa. Ikiwa zilikuwa fremu 17, mwendo ni 79. Zikiwa 19, ni 71. Mtaalamu mwaminifu atasema kati ya 71 na 79, na palipo na kibao cha 60 jibu hilo linatosha. Palipo na kibao cha 80 halisaidii upande wowote. Kuna hatari kubwa zaidi: vinasa vya bei nafuu huandika fremu 25 kwenye maelezo ya faili ilhali kwa kweli vimenasa 12 au 15, na fremu zimerudiwa au kuachwa. Hesabu iliyofanywa bila kukagua hilo inaweza kuufanya mwendo wa gari uwe karibu maradufu. Mara nyingi mtu atakayekwambia "video inaonyesha alikuwa kwenye mia" hajahesabu fremu hata moja; gari likipita karibu na lenzi pana kila kitu huonekana kinakimbia.

Magari makubwa yana shahidi mwingine. Tangu agizo la rais la 2015, mabasi na malori ya Rwanda yanatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo, na mizigo inayopita nchini hufungwa lakiri ya kielektroniki inayofuatiliwa na mamlaka za mapato. Kumbukumbu hizo zikioanishwa na video, moja inaziba pengo la nyingine. Ziombwe kwa maandishi, na mapema, kama video.

Bima, na asiyejulikana

Kesi nyingi za ajali haziishii kwa hakimu. Zinaishia mezani kwa kampuni ya bima. Bima ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima Rwanda tangu amri ya sheria ya 1975, na fidia ya majeraha ya mwili inakokotolewa kwa kufuata agizo la rais namba 31/01 la 25 Agosti 2003. Agizo lina fomula zake: umri, kipato, asilimia ya ulemavu. Video haiongezi kiasi hicho hata faranga moja. Kazi yake ni kuamua nani alipe, na kuufupisha ubishi. Msomaji asidhani kwamba picha ya kutisha itamfanya mtathmini alipe zaidi. Hati ya daktari ndiyo inayopanga kiasi.

Kwa lori letu la Dar, bima itakayoitwa ni ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Rwanda na Tanzania zote zimo. Mwendesha pikipiki aliyejeruhiwa Kabuga hahitaji kwenda Dar kudai. Ofisi ya Kadi ya Njano nchini Rwanda ndiyo inayoshughulikia dai kwa niaba ya kampuni ya nje. Mwambie dereva akuonyeshe kadi hiyo, upige picha pande zote mbili kabla lori halijaondoka.

Linabaki gari lililogonga na kukimbia. Usiku, kwenye mvua za Aprili, taa za mbele huifunika namba kwa mng'ao, na kamera ya geti iliyotegwa kwa ajili ya wezi haikukusudiwa kusoma namba ya gari linalopita mita 30 mbali. Picha itaonyesha umbo, pengine rangi, na upande ulikokimbilia, na mpelelezi anaweza kuliokota tena gari hilo kwenye kamera ya makutano yanayofuata kwa kufuata dakika. Likipotea kabisa, picha bado ina kazi. Sheria namba 52/2011 iliunda Mfuko Maalumu wa Dhamana, SGF, unaowafidia waliojeruhiwa na familia za waliouawa na gari lisilojulikana, lililoibwa au lisilo na bima. Mfuko huo unahitaji kuthibitishiwa kwamba gari lilikuwepo na likatoroka, na hapo video isiyosomeka namba inatosha kulisema jambo hilo. Dai linapelekwa pamoja na hati za polisi za ajali na za hospitali. Asiyeripoti ajali kwa polisi hana mahali pa kuanzia.